Kupaka rangi upya HiAce kuukuu nyumbani: kwa nini kutu hurudi mapema mwambao wa Tanganyika?

Katika barabara ya taifa namba 3, inayofuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, gari aina ya Toyota HiAce hubeba karibu kila kitu: abiria, madumu ya mawese, magunia ya muhogo, ndagala waliokaushwa. Gari kama hilo likizeeka, mmiliki hulitengeneza badala ya kulibadilisha, na mara nyingi kazi ya rangi hufanyika uani kwake, chini ya mwembe, kwa mikono ya fundi aliyekodiwa kwa siku chache.

Rangi ikibanduka baada ya msimu mmoja tu wa mvua, kosa kwa kawaida si la rangi yenyewe, bali la kilichofanyika, au kilichorukwa, kabla kopo halijafunguliwa. Hasara yake si ya sura pekee. Gari lililosimama uani haliingizi nauli, na bodi inayooza chini ya rangi mpya humrudisha mmiliki kwa fundi akiwa na mfuko mtupu.

Mafuta kwanza, msasa baadaye

Mwambao huu una adui wake wa pekee, nao ni mawese. Dumu likivuja, mafuta huenea sakafuni na kujipenyeza kwenye maungio ya mabati hadi milango ya nyuma. Fundi mwenye haraka huanza na msasa. Msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo unayoichora, na rangi ikipigwa juu yake hukataa kushika, ikaacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Kwa hiyo gari huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likasuuzwa na kukaushwa. Kisha hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa thina kidogo, na kitambaa kingine kikavu hufuata papo hapo, kabla thina haijapotea. Asiyebadilisha vitambaa huyahamisha mafuta tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Baada ya hapo ndipo kutu hutafutwa. Ziwa Tanganyika si bahari, na upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Lakini unyevu peke yake unatosha, hasa pale tope linapoganda ndani ya matao ya magurudumu, kwenye mfereji wa paa na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa mkali, namba 80, hadi chuma king'ae. Bati lililotoboka halitibiwi kwa msasa: hukatwa na kuchomelewa kipande kipya. Kuziba tundu kwa puti ni hila ya zamani ya wauza magari, kwani puti hunyonya unyevu kutoka upande wa nyuma, na kutu huendelea kula bati bila kuonekana.

Gari la kijivu

Magari ya kijivu kisichong'aa si wageni katika barabara za Afrika Mashariki. Mara nyingi fedha ziliishia kwenye praima, na mmiliki akaamua kufanya kazi kwanza, rangi ije baadaye. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni ghali. Praima nyingi zina vinyweleo vinavyopitisha maji. Ni zile za epoksi tu zinazoziba vyema. Gari likikaa na praima ya kawaida majuma kadhaa ya mvua, kutu huanza upya chini yake. Afadhali kungoja kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na kununua vifaa vyote kabla ya kugusa bodi.

Saa nazo zina maana. Alfajiri bati huwa na umande. Alasiri upepo wa ziwani huinua vumbi. Muda mzuri ni asubuhi, jua likishapasha chuma, gari likiwa kivulini na ardhi ya kandokando ikiwa imenyunyiziwa maji. Thina inayokauka haraka mno hupoza bati, unyevu wa hewa ukatua juu ya rangi mbichi na kuiachia utando mweupe.

Hatari kwa wenye nyumba

Uani ndipo watoto wanapocheza. Rangi ya zamani, hasa kama gari limewahi kupakwa tena, huenda ina risasi, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kusugua kwa msasa wa maji hupunguza vumbi, isipokuwa juu ya puti, ambayo husuguliwa kavu. Hapo watoto huondolewa na vumbi hukusanywa likiwa limelowanishwa.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandishi zina kemikali za isosianeti, zinazoweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kwa anayepaka nyumbani bila kifaa cha kupumulia, rangi ya mafuta ya kawaida ni chaguo la busara zaidi, ingawa haing'ai kwa muda mrefu kama hizo. Jiko la makaa liwe mbali, na thina iliyotumika isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani, ambako jirani huchota maji.

Anayebadilisha rangi kabisa aulize kwanza kuhusu kadi ya gari. Tanzania huandika rangi kwenye kadi, na nchini Kenya kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zililazimisha matatu kuwa na mstari wa njano.

Rangi ya mafuta huacha kunata baada ya siku moja hivi, lakini ndani hubaki laini kwa majuma kadhaa. Katika muda huo madumu hayaegemezwi kwenye milango, na gari huoshwa kwa maji matupu, bila sabuni ya unga.