Ukarabati wa MV Liemba

Ukarabati wa MV Liemba ni kazi ya kutambua hitilafu na kurekebisha meli kongwe ya abiria na mizigo kwenye Ziwa Tanganyika, ambayo bandari yake kuu ni Kigoma nchini Tanzania. Meli hiyo yenye urefu wa takriban mita 71 iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen.

Historia

Meli ilifunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa kupitia Dar es Salaam. Huko Kigoma iliunganishwa upya kwa ribiti na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Tarehe 26 Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo grisi nene ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924 na kukuta injini za mvuke na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa.

Kutambua hitilafu

Sehemu kubwa ya mwili wa meli iko chini ya maji, hivyo uchunguzi kamili huhitaji meli ipandishwe kwenye chelezo. Katika meli za aina hii rangi hukwanguliwa, unene wa mabamba ya chuma hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na ribiti hugongwa kwa nyundo, kwa kuwa mlio wa ribiti iliyolegea ni tofauti na wa iliyokaza. Kwenye injini ya dizeli, moshi mweusi huonyesha mafuta yasiyoungua vizuri, na moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua. Chanzo hutafutwa kwanza, maana kifaa kipya huharibika tena kama chanzo kimebaki.

Uasilia

Injini za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Kwa hiyo uasilia wa Liemba uko hasa katika mwili wake wa ribiti. Bamba lililooza likibadilishwa kwa kuchomelea, meli huwa salama zaidi lakini hupungukiwa na ukale wake. Likiachwa, maisha ya abiria huwa hatarini.

Suala hilo ni zito kwa sababu Liemba haikuwa kumbukumbu tu. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havifikiki kwa urahisi kwa barabara, na mnamo Mei 2015 meli hiyo ilisafirisha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ilisimama kufanya kazi mwaka 2018 ikisubiri matengenezo makubwa.