Sauti ya gitaa la besi katika kumbi kubwa

Sauti ya gitaa la besi katika kumbi kubwa ni suala la ufundi wa muziki linalohusu namna ya kuifanya besi isikike nzito na wazi hadi mwisho wa ukumbi. Amplifaya inayotosha katika chumba cha mazoezi inaweza kusikika nyembamba, au kuvuma bila noti kueleweka, ikipelekwa kwenye ukumbi mkubwa. Sababu kuu ni urefu wa mawimbi ya sauti nzito, mwangwi wa ukumbi na namna sikio la binadamu linavyosikia.

Urefu wa mawimbi

Uzi mnene zaidi wa besi ya nyuzi nne, yaani uzi wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde (Hz 41). Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, wimbi la noti hiyo lina urefu wa mita 8.4 hivi. Uzi wa G, ulio mwembamba kuliko yote, una Hz 98 na wimbi la mita 3.5.

Mawimbi marefu kiasi hiki hayaendi mbele tu. Huzunguka kasha la spika na kuenea pande zote. Yanayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi. Spika ikiwa mita 2 hivi mbele ya ukuta, wimbi linalorudi huwa limesafiri mita 4 zaidi, karibu nusu ya wimbi la E. Likikutana na lile linalotoka kwenye spika, moja husukuma hewa wakati lingine linaivuta, na noti hupungua nguvu. Kuongeza sauti hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu wimbi linalorudi nalo huongezeka. Kasha likisogezwa karibu na ukuta, noti za chini huimarika.

Mwangwi

Mapazia, viti vya sponji na nguo za watu hufyonza sauti nyembamba zaidi kuliko sauti nzito. Kwa hiyo katika ukumbi wa matofali au zege besi huendelea kuvuma baada ya sauti nyingine kunyamaza, na noti moja huifunika inayofuata. Mpigaji aliyesimama karibu na amplifaya husikia zaidi sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika, lakini msikilizaji wa nyuma husikia zaidi mwangwi. Ndiyo maana sauti inayompendeza mpigaji jukwaani inaweza kuwa mbovu kwa hadhira.

Nguvu na usikivu

Sikio husikia sauti nzito kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Jambo hili lilionyeshwa na Harvey Fletcher na Wilden Munson mwaka 1933. Kwa hiyo besi huhitaji nguvu nyingi ya umeme. Hata hivyo, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio huliona kuwa dogo.

Kampuni ya Fender ilitoa besi ya Precision mwaka 1951 na amplifaya ya Bassman, yenye spika moja ya inchi 15, mwaka 1952. Kadiri maonyesho yalivyokua, vyombo hivyo havikutosha. Mwaka 1965 The Beatles walipopiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, kelele za mashabiki ziliufunika muziki. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilileta SVT ya wati 300, iliyotumiwa na The Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani mwaka huohuo.

Baadaye kazi ya kujaza ukumbi ilihamia kwenye mitambo mikuu ya sauti. Besi huunganishwa na mikseri kupitia kisanduku cha DI au maikrofoni, kisha husikika kupitia sabufa. Amplifaya ya jukwaani hubaki hasa kwa ajili ya kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe.

Njia za kuboresha sauti

Kabla ya kugusa vitufe, kasha la spika husogezwa na kusikilizwa katika nafasi tofauti. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini likitetema, kasha huinuliwa au kuwekewa sponji nene.

Kwenye ekwalaiza, kupunguza mara nyingi husaidia kuliko kuongeza. Sauti zilizo chini ya Hz 40 hula nguvu nyingi ya amplifaya bila kusikika sana, kwa hiyo huweza kukatwa. Noti inayovuma kupita kiasi hutafutwa na kushushwa peke yake. Sauti za kati huachwa zisikike, kwa kuwa noti ya Hz 41 hutoa pia mitetemo ya Hz 82, 123 na kuendelea. Ubongo huitumia mitetemo hiyo kuitambua noti ya chini hata inapokuwa dhaifu.

Upigaji nao una nafasi yake: katika ukumbi wenye mwangwi mrefu, noti fupi zinazozimwa kwa kiganja husikika vizuri kuliko noti ndefu. Wakati wa kujaribu mitambo, mpigaji hushuka jukwaani na kusikiliza kutoka katikati na nyuma ya ukumbi huku mwenzake akipiga. Ukumbi ukijaa watu sauti hubadilika tena, hivyo fundi mitambo huirekebisha upya onyesho linapoanza.