Mja mzito, usinyamaze mkojo unapokataa kutoka

Kina mama waja wazito huenda haja ndogo mara kwa mara, na hilo halimshangazi mtu. Mfuko wa uzazi unapokua hukibana kibofu, na figo nazo huchuja maji mengi kuliko kawaida. Lakini iko shida nyingine ambayo wengi huificha kwa kuona haya. Mama anahisi kibofu kimejaa, anaenda chooni, anasubiri, na mkojo hautoki. Au hutoka matone machache tu.

Pengine wewe msomaji wa mjini unaona hayo ni matatizo ya wengine. Basi fikiria safari ya kwenda nyumbani Magunga, katika eneo la Gwassi, kaunti ya Homa Bay, kwa ajili ya Krismasi au matanga. Unapanda basi la usiku Nairobi ukiwa na mimba ya miezi mitatu na nusu. Tangu mchana umejinyima maji ili usimsumbue dereva. Asubuhi unabadilisha gari, unapita Sindo, na bado unajizuia. Ukifika, choo kiko mwisho wa boma na usiku huwezi kutoka bila tochi na mtu wa kukusindikiza. Kwa hiyo unaendelea kuvumilia.

Kibofu kilichojaa kupita kiasi hulegea misuli yake na kushindwa kujikamua. Hapo ndipo mama anagundua kwamba hata akikaa chooni nusu saa, hapati nafuu.

Wakati wa hatari zaidi kwa shida hii ni kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kwa baadhi ya wanawake mfuko wa uzazi umeinama kuelekea mgongoni badala ya kuelekea mbele. Huo si ugonjwa, na wengi hawajui kabisa kwamba wako hivyo. Kwa kawaida mfuko huo hujiinua wenyewe na kutoka kwenye nyonga mimba inapofika miezi mitatu hivi. Mara chache sana hukwama humo ndani huku mtoto akiendelea kukua, na mlango wa uzazi ukasukumwa mbele na kuubana mrija wa mkojo. Uvimbe wa mfuko wa uzazi na kufunga choo kwa siku nyingi pia huweza kuleta shida kama hii.

Jambo linalowadanganya wengi ni matone. Kibofu kikifurika, mkojo huanza kuvuja kidogo kidogo bila hiari. Mama husema, "Mimi nakojoa kila saa," na anayemsikiliza hudhani ni mambo ya kawaida ya uja uzito. Ikiwa unavuja matone huku tumbo la chini limekuwa gumu na linauma, mweleze muuguzi hivyo hivyo, wala usiseme tu kwamba unakojoa sana.

Sababu nyingine, na hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi, ni viini katika njia ya mkojo. Hapo mkojo huchoma, hutoka kidogo, pengine ukiwa na harufu kali au damu. Wako wanawake wasiokwenda kliniki kwa kuogopa kwamba mume atadhani ni ugonjwa wa zinaa. Hofu hiyo ni ya bure. Viini hivi mara nyingi ni vile vinavyoishi kwenye utumbo wa kila mtu, na uja uzito huvirahisishia njia kwa sababu mkojo hutembea polepole. Visipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati.

Ukiwa Magunga, au ng'ambo ya Karungu huko Migori, kuna mtego mwingine. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, na mja mzito akitetemeka kwa homa kila mtu husema ni malaria. Viini vya figo navyo huleta homa, kutetemeka na kutapika. Angalia kama unaumwa mgongoni chini ya mbavu, hasa upande mmoja. Ukipimwa damu, omba mkojo upimwe pia, hata kama malaria imeonekana, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Watu wa ziwani pia hupenda kukisingizia kichocho kila shida ya mkojo. Kichocho kilichoenea kando ya Ziwa Victoria hushambulia zaidi matumbo na ini. Kile cha kibofu kinajulikana zaidi pwani, kama vile Kwale na Tana River, ingawa huonekana pia katika baadhi ya sehemu za bara za Nyanza. Kikipatikana, kinatibika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unawajumuisha waja wazito katika matibabu, baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Ufanye nini basi? Mkojo ukiwa mgumu kuanza, keti au chuchumaa vizuri bila haraka, inama mbele, jimwagie maji ya uvuguvugu. Ukimaliza, simama kidogo kisha ujaribu tena. Kunywa maji siku nzima na ule mboga na matunda ili choo kisifunge. Safarini, mwambie utingo mapema kwamba utahitaji kushuka. Afadhali abiria wanune.

Lakini ikiwa kibofu kimejaa na umekaa kwa muda wa saa sita bila kukojoa, usiongeze maji kama majirani watakavyokushauri. Maji hayafungui njia iliyobanwa, yanazidisha maumivu. Usinywe mizizi ya kusukuma mkojo, wala usinunue vidonge dukani, kwani dawa kama tetracycline hazimfai mja mzito. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukiwa na homa au damu, usingoje hata hizo saa sita.

Huko watakuwekea mpira wa kutolea mkojo. Wengi huuogopa wakidhani unaharibu mimba. Mpira huo huingia kwenye kibofu, si kwenye mfuko wa uzazi, na nafuu huja kwa dakika chache. Kibofu kikishakuwa kitupu, mara nyingi mfuko uliokwama huinuka wenyewe; usipoinuka, daktari ana njia za kuusaidia. Mkojo wako utapimwa viini, na kama vipo utapewa dawa inayoufaa umri wa mimba yako. Zimalize zote, hata kama kuchoma kumekwisha siku ya pili, kisha urudi kupimwa tena.