Mume wa Kigeni Akifa, Serikali Yake Italipa Hapa Mafinga?

Kati ya Iringa na Mbeya, ndoa na wageni si habari mpya. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Baadaye wakaja watu wa chai wa Mufindi, madaktari, walimu wa kujitolea na wahandisi wa barabara, na baadhi yao walioa huku wakabaki. Wapo pia vijana wetu waliokwenda kufanya kazi nje miaka ishirini, wakaacha mke nyumbani. Kinachonishangaza ni uhakika wa wake zao: "Akitangulia, serikali ya huko itanilipa."

Huenda. Lakini mama wa Mafinga au Tukuyu asianze kwa kuuliza wanalipa kiasi gani. Aulize kwanza kama wanamlipa mtu anayeishi Tanzania, na aulize mapema, mume akiwa bado hai na anakumbuka alikofanya kazi. Nimelinganisha serikali tatu ambazo hutajwa sana huku, na majibu yao hayafanani hata kidogo.

Uingereza niimalize haraka. Kwa vifo vya kuanzia tarehe 6 Aprili 2017, mjane mwenye watoto hupewa pauni 3,500 kwa mkupuo na pauni 350 kila mwezi kwa miezi 18. Asiye na watoto hupata 2,500, kisha 100 kwa mwezi. Tangu Februari 2023 hata walioishi pamoja bila ndoa wanastahili, ilimradi wana mtoto. Vizuri sana, ila siku ya kifo mjane awe anaishi Uingereza au kwenye nchi iliyo katika orodha yao, na Tanzania haimo. Kwa aliyeko Iringa, jibu ni sifuri. Hata mume mwenyewe akistaafia huku, pensheni yake ya serikali italipwa lakini haitapanda: atabaki na kiwango cha siku alipoanza, wakati mwenzake aliyekwenda kustaafia Mauritius anaongezewa kila mwaka. Mwenye mume Mwingereza amuulize habari za pensheni ya mwajiri wake wa zamani. Hiyo ina masharti yake, na mara nyingi mfiwa aliye nje hulipwa.

Ujerumani ni kinyume kabisa. Haijalishi kama mjane amewahi kukanyaga huko. Wanachotaka ni kwamba marehemu alichangia angalau miaka 5 na ndoa ilidumu angalau mwaka mmoja. Miezi mitatu ya mwanzo mjane hupewa pensheni nzima ya marehemu. Baada ya hapo kuna njia mbili. Anayelea mtoto wa chini ya miaka 18, au asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu, au aliyefikisha umri uliowekwa (sasa ni zaidi ya miaka 46, na utafika 47 mwaka 2029) hupata asilimia 55. Ndoa za kabla ya 2002 zina kanuni ya zamani yenye asilimia 60, ikiwa mmoja wa wanandoa alizaliwa kabla ya 1962. Kijana asiye na mtoto anaambulia asilimia 25 kwa miezi 24 tu.

Basi mume aliyekuwa na pensheni ya yuro 1,200 humwachia mjane mwenye mtoto yuro 660 kwa mwezi, na mtoto ana fungu lake la asilimia 10. Mpaka mwaka 2013 mjane asiye raia wa Ulaya aliyekaa nje alikatwa na kubaki na asilimia 70 ya stahili yake. Kuanzia Oktoba mwaka huo makato hayo yalifutwa. Ila ukichelewa kuomba, wanarudi nyuma miezi 12 tu, na msiba wetu na vikao vya ukoo vinaweza kuimaliza hiyo bila mtu kushtuka. Miaka ya mbele inaweza kuja barua kutoka ofisi ya kodi ya Neubrandenburg, inayoshughulikia wapokea pensheni walio nje. Usiitupe ukidhani ni matapeli.

Sasa Marekani, ambako pesa ni nyingi na mlango ni mwembamba. Asiye raia akikaa nje ya Marekani miezi 6 kamili, malipo husimama. Watanzania wamo kwenye kundi la nchi ambazo raia wake wanaweza kuendelea kulipwa ikiwa marehemu alikamilisha robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aliishi Marekani miaka 10. Wengi husoma hapo wakafurahi. Chini yake kuna kichujio cha pili: mjane mwenyewe awe ameishi Marekani miaka 5 akiwa mke wa mtu huyo, si lazima mfululizo. Aliyeolewa Iringa na kubaki Iringa hapiti, hata kama mume alichangia miaka 40. Nionavyo mimi ni sheria ya uonevu, maana makato ya mshahara wa mume hayakuuliza mkewe analala wapi.

Mtoto ndiye anayepita, na hili watu wengi hawalijui. Mtoto ambaye ni raia wa Marekani kupitia baba yake hazuiliwi na kukaa nje. Hulipwa asilimia 75 ya stahili ya marehemu mpaka atimize miaka 18, au 19 akiwa bado sekondari. Kwa hiyo kumwandikisha mtoto ubalozini kama raia aliyezaliwa nje, jambo linalotakiwa kufanywa kabla hajafika miaka 18, kuna thamani zaidi kuliko bima nyingi zinazouzwa mjini.

Mama aliyetimiza ile miaka 5 ana uamuzi mwingine: aanze kuchukua lini? Akiwa na miaka 60 anapata asilimia 71.5, akisubiri mpaka 67 anapata zote. Tuseme stahili ni dola 1,800. Akianza na 60 ni dola 1,287, na baada ya kodi ya mgeni aliye nje, ambayo ni asilimia 25.5, anabaki na karibu 959. Akianza na 67 anabaki na 1,341. Lakini aliyeanza mapema atakuwa ameshapokea zaidi ya dola 80,000 katika miaka hiyo 7, na aliyesubiri atamfikia wakiwa na miaka 84 na nusu hivi. Ningekuwa yeye ningechukua mapema. Zile dola 255 za mkupuo wa kifo zisimzuzue mtu. Kiwango hicho hakijapanda tangu miaka ya 1950, na hakina uwiano na bei ya leo ya jeneza na usafiri wa mwili.

Kwenye makaratasi ndipo watu wetu wanapokwama. Chukua mjane wa mfano: cheti cha kuzaliwa kinasema Tusekile, cheti cha ndoa ya kanisani kinasema Maria, pasipoti inasema Tusekile Mary. Kwa karani wa ng'ambo hao ni watu watatu. Hati ya kiapo mbele ya wakili inapatikana kirahisi zaidi mkiwa wawili, mume akiwa shahidi, kuliko baada ya kuzika. Ndoa ya kimila ni halali kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ila bila cheti utabishana miaka. Isajilini, na mtafute nakala iliyothibitishwa ya RITA, wakala wa usajili wa serikali. Kuishi pamoja miaka 2 kunaipa mahakama yetu dhana ya ndoa tu, nayo Ujerumani haitoi senti kwa dhana. Ajabu ni kwamba mume mwenye wake wawili halali, Ujerumani hugawa pensheni kati yao. Marekani hutazama ndoa ya kwanza.

Gharama za kila mwaka ni ndogo. Ujerumani hutaka hati ya kuwa hai, na benki au ofisi ya serikali huku inaweza kuigonga muhuri, bila kupanda basi kilomita 830 kutoka Mbeya hadi ubalozini Dar es Salaam. Marekani hutuma fomu ya maswali kwa posta kila mwaka au kila baada ya miaka 2, na isiporudi malipo hukatwa. Hakikisha basi wana sanduku lako la posta, si la shule uliyohama zamani. Na kabla ya kupokea chochote, fungua akaunti ya fedha za kigeni, uchague mwenyewe siku ya kubadilisha.

Akitaka kuolewa tena? Ujerumani husitisha pensheni, lakini humuaga kwa mkupuo wa miezi 24. Marekani humnyima aliyeolewa kabla ya miaka 60, na humwacha aendelee kupokea aliyeolewa baada ya hapo. Mjane wa miaka 58 anayechumbiwa Uyole ana sababu ya dola mia tisa na ushee kwa mwezi ya kumwambia bwana asubiri kidogo.