Mbwa Akizeeka, Haki Yake Iko kwa Nani?

Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Msemo huu sisi watu wa pwani twalelewa nao tangu chuoni, na mwalimu akisikia umemgusa mbwa wa jirani hukuuliza kwanza mkono ulikuwa mkavu au ulikuwa na maji, kisha ndipo akuulize juzuu yako umefika wapi. Kwa hiyo nikimtaja mbwa katika ukurasa huu najua baadhi ya wasomaji watakunja pua, na wengine watasema huyu naye leo kakosa la kuandika. Nawaomba subira. Sikuja kumtetea mbwa wa kulala kitandani na kulambishwa sahani. Nina habari ya mbwa mzee aliyewafanyia watu kazi kwa miaka 11, kisha wakaanza kumtafutia pa kumtupa, na watu hao ni Waislamu kama mimi na wewe.

Ajabu yetu ni kwamba twasema hatufugi mbwa, na huku tunafuga. Pita usiku penye maghala ya Shimanzi, au mbele ya majumba ya Nyali, usikilize nani abwekaye. Nenda mashamba ya Kilifi na Kwale uone nani afukuzaye nyani katika mahindi. Mbwa hao hatuwaiti wetu. Twasema ni “wa ulinzi,” kana kwamba walikuja wenyewe kuomba kazi.

Na sheria haikukataza ulinzi huo. Mtume (S.A.W.) alipoonya kwamba mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, alimtoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na maulamaa wetu wakamkisia humo na yule wa kulinda nyumba. Suratul-Maida yaruhusu kula windo la mbwa aliyefunzwa. Kuhusu najisi, sisi wa madhehebu ya Shafi twashika kuosha mara saba, moja kwa mchanga, ilhali Imam Malik aliona mbwa aliye hai ni tohara. Hayo ni mambo ya chombo, nguo na mkono. Hayakuwa hata siku moja ruhusa ya kumtesa mnyama, ila wengi wetu tulipokwisha kujifunza mlango wa najisi tulifunga kitabu.

MIRATHI YA MWENYE GHALA

Mzee mmoja hapa Mombasa, mwenye ghala la mbao, alifariki akaacha watoto watano. Baada ya arubaini warithi walikaa chini kuhesabu: ghala, lori, duka la vifaa vya ujenzi, na madeni ya watu. Walipomaliza, bawabu wa ghala, aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja kujua hatima yake, aliuliza, “Na Simba je?” Wote wakacheka. Simba ni jina la mbwa.

Kicheko kilipokwisha jawabu halikupatikana. Ghala lilikuwa limekwisha kupata mnunuzi, na mnunuzi alitaka uwanja mtupu. Mkubwa wao alisema Simba ni mzee, macho yameingia ukungu, hasikii, hafai hata kumtisha paka. Lori likienda bara na limchukue limshushe huko Mariakani, atajitafutia. Wa pili alisema sumu ni rahisi zaidi. Binti yao wa mwisho alisema neno moja tu: “Baba hakumtupa.” Basi yakazuka maneno, hata mmoja wao, ambaye ni mwana wa binamu yangu, akanipigia simu, “Ami, njoo utuamue, hapa twataka kugombana kwa ajili ya mbwa.”

Nilikwenda. Sikwenda na fatwa, maana si mufti. Niliwakumbusha walichosoma wenyewe. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachodarasishwa katika mwambao huu tangu enzi za babu zetu, mna mas-ala ya mbwa wa manufaa: hauzwi, kwani si mali, lakini mtu aweza kumuusia mwenzake, kwa kuwa ile haki ya kunufaika naye ni kitu. Kwa hiyo marehemu alikuwa na haki juu ya Simba, na haki hiyo haikuzikwa naye.

Kisha nikawatajia Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Damascus aliyefia Misri mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, yule waliyemwita Sultani wa Maulamaa. Ni wa madhehebu yetu hasa. Katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu: asitwikwe asichokiweza, asichanganywe na wa kumdhuru, watoto wake wasichinjwe mbele ya macho yake. Na haki ya kwanza aliyoitaja ni kwamba mwenyewe amlishe, hata akiwa amezeeka au ameugua kiasi cha kutotarajiwa faida yoyote kutoka kwake. Bwana huyu aliandika haya zaidi ya miaka 700 iliyopita, na ukiyasoma utadhani alikuwa amekaa na warithi wale penye jamvi.

Yule mkubwa akanijibu, “Ami, lakini mbwa ni mbwa.” Ni kweli. Na Suratul-Kahf yatwambia vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, kanyosha miguu yake ya mbele kizingitini, na kila watu walipobishana idadi yao, wakasema ni watatu, au watano, au saba, mbwa naye alitiwa katika hesabu. Warithi hawa walihesabu hata misumari ya dukani, wakamsahau aliyeilinda.

Habari ya Mariakani nayo si ndogo. Mbwa anayetupwa njiani hajitafutii kitu. Hugongwa na gari, hufa njaa, au huungana na mbwa koko, na chanjo yake ikiisha nguvu huweza kushikwa na kichaa. Shirika la Afya Duniani lasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa hicho hukipata kwa mbwa, na aghalabu waumwao ni watoto. Kumpeleka balaa mtu wa Mariakani ili wewe uuze ghala si ujirani mwema. Istanbul, mji wa Waislamu ambao watu wake walikuwa wakiwatilia mbwa wa mitaani chakula na maji, mwaka 1910 wakubwa wa serikali waliwakusanya mbwa kwa maelfu wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada. Walikufa kwa njaa na kiu. Lori la Mariakani ni ile jahazi ya Sivriada, ila ni dogo.

MAKAO YA WASIO NA KWAO

Ilikubaliwa apelekwe makao ya wanyama. Makao ya namna hii yalianza zamani. London, mwaka 1860, bibi mmoja aitwaye Mary Tealby alifungua yake mtaa wa Holloway, magazeti yakamcheka, na mwaka 1871 yakahamia Battersea ambako yangaliko. Kwetu Kenya chama cha KSPCA cha Nairobi chajulikana kwa kazi hiyo, na wapo na wengine wadogo wadogo.

Mimi na kijana mmoja tulimfunika Simba gunia tukambeba. Kwa mara ya kwanza katika miaka 11 alivuka lango la ghala. Hakubweka wala hakuuma. Alitetemeka njia nzima, na mate yakanidondokea kanzuni. (Niliosha mara saba, mara moja kwa mchanga, wala sikufa.)

Kule aliingizwa chumba cha wavu chenye saruji safi, maji na chakula. Akaenda pembe ya mwisho, akafyata mkia, akaelekeza uso ukutani. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Mama anayewahudumia alinieleza kwamba watu wengi wakimwona mbwa kama huyu hudhani ni mkali au ana kichaa, kumbe ana hofu. Jicho lenye mtoto wa jicho huona kivuli tu kinakuja, sikio lililokufa halisikii hatua za mtu, mkono ukimfikia ghafula hushtuka, na viungo vimejaa maumivu ya uzee, basi akitoa meno ni kusema “niache.” Wataalamu wa Marekani waliowapima mbwa wapya makaoni walikuta homoni ya wasiwasi imepanda sana siku tatu za mwanzo, kupita ile ya mbwa waliotulia majumbani. Kijana huweza kuyazoea makelele yale. Mzee huchelewa, na wako wasioyazoea kamwe.

Dawa yake si fimbo wala si kumkumbatia. Mama yule aliingia chumbani akaketi chini, ubavu kwa Simba, asimtazame usoni, maana kwa mbwa kukaziwa macho ni vita. Akakaa robo saa kama mtu anayengoja gari. Akatupa kipande cha nyama karibu na pua yake, akaondoka. Kesho vivyo hivyo. Nilipokuwa nimesimama nje ya wavu nikimtazama, ubeti huu ukanijia:

Umri wangu mzima, nililinda lango lako,
Usiku nikisimama, wewe u ndotoni mwako,
Leo macho yamezima, nami ni mzigo kwako,
Bwana wangu niambie, kosa langu ni uzee?

Siku ya nne mama alinipigia simu akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiri: alikuwa akilalia nini huko alikotoka? Pua ya mbwa, alisema, ndiyo ifayo mwisho. Macho na masikio yakishaondoka, yeye huijua dunia kwa harufu. Bawabu akaenda ghalani, akatoa chini ya ngazi gunia kuukuu lililojaa vumbi la mbao na mafuta ya taa, gunia ambalo hata mwokota takataka asingelitaka. Likatandikwa katika ile pembe. Simba akalinusa kwa muda mrefu, akalizunguka mara tatu, akalala juu yake. Alfajiri walikuta bakuli tupu.

Basi wewe mwenye mbwa wa ulinzi, ikiwa dhiki imekushika huna budi kumtoa, usimfunge langoni pa watu usiku ukakimbia, kama wafanyavyo wengi. Mpeleke mchana. Chukua anacholalia bila kukifua. Sema jina analoitwa, amezoea kula nini na saa ngapi, amechanjwa lini, na ni upande gani haoni. Tena acha kitu cha chakula, kwa sababu mbwa mzee hachukuliwi upesi; wageni wanaokuja makaoni hutaka watoto wa mbwa.

Simba bado yuko pale, na hapana aliyemuuliza. Ameanza kusogea karibu na wavu mama yule anapokuja, wengine akali huwageuzia mgongo. Warithi wamepatana kulipa chakula chake kwa zamu, kila mtu mwezi wake. Mwezi huu ni zamu ya yule aliyetaka kumshusha Mariakani, naye alipeleka fedha tarehe mosi, kabla ya kukumbushwa.