Mpunga wa Kyela chini ya wingu

Mwezi Aprili bonde la Kyela nchini Tanzania huwa kijani kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo linapokuwa gumu zaidi kuonekana kutoka angani. Mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya Matema. Kaskazini kuna Uporoto na Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960, na kusini Ziwa Nyasa linatoa mvuke. Wingu likishaingia kwenye kona hiyo halina pa kutokea, na ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoukuza mpunga wa Ipinda na Kajunjumele, maana wakulima wengi wa huku hutegemea mbingu, si mifereji. Mvua hiyohiyo ndiyo inayouficha mpunga setilaiti zisiuone.

Setilaiti zinazotumika sana kukagua mazao ni Sentinel-2 za Shirika la Anga la Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017. Zikiwa mbili hurudi juu ya shamba lilelile kila baada ya siku tano, mnamo saa nne na nusu asubuhi, na picha zake hutolewa bure. Kila nukta ya picha ina upana wa mita 10, kwa hiyo ekari moja ya mpunga huingia nukta 40 hivi. Landsat za Marekani, ambazo ukoo wake ulianza 1972, ekari hiyo huiona kwa nukta nne au tano tu, tena zilizochanganyika na njia na migomba ya jirani. Kwa mwenye ekari moja au mbili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shamba lake lipo au halipo kwenye ramani.

Jani lenye afya hula mwanga mwekundu kwa umbijani wake, kisha hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Wataalamu huchukua infraredi, wakatoa nyekundu, halafu wakagawa kwa jumla ya zote mbili. Tuseme mpunga uliofunga vizuri unarudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya nyekundu: jibu ni 0.8. Udongo mtupu wenye 30 na 20 unatoa 0.2. Ukiifuatilia namba hiyo wiki hadi wiki utauona mpunga ukichipua, ukifunga, ukibeba mimba, kisha namba ikishuka masuke yanapoiva. Shamba ambalo namba yake inasuasua wakati za majirani zinapaa lina tatizo.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini mwanga haupenyi wingu. Ndiyo maana kwa Kyela mimi naweka tumaini kwenye rada. Sentinel-1, iliyorushwa 2014, haingojei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita tano na nusu hivi, yanayopita wingu na giza, kisha husikiliza mwangwi. Jaruba lililojaa maji na lisilo na mche ni laini kama kioo: mawimbi huteleza upande wa pili wala hayarudi, na picha inakuwa nyeusi. Mpunga ukitokeza juu ya maji, mashina huyagonga mawimbi na kuyarudisha, na weusi unafifia siku hadi siku. Pale mbegu inapopandwa kwenye udongo kabla maji hayajatuama, weusi wa mwanzo unaweza usionekane kabisa, na mtaalamu aliyezoea majaruba ya Asia akadhani hapa hapana mpunga. Na weusi ukirudi ghafla Aprili juu ya shamba lililokwisha kung'aa, hiyo ni habari mbaya: Songwe, Kiwira, Mbaka au Lufilyo umetoka kingoni mwake.

Hata rada haijui kila kitu. Watafiti waliofanya kazi Kyela wameonyesha kwamba gugu la kiduha hushambulia mpunga wa mashamba yasiyotuamisha maji, na ndugu yake aitwaye Rhamphicarpa hushika mabondeni penye unyevu. Yote mawili huunyonya mpunga kwenye mizizi. Kutoka angani unaona shamba limedhoofu tu, sawasawa na shamba lililokosa mbolea, na dawa ya moja si dawa ya lingine. Lazima mtu ashuke shambani. Catherine Nakalembe, mwanasayansi wa Uganda aliyepata Tuzo ya Chakula Afrika mwaka 2020, amelishughulikia jambo hilo kwa njia ninayoipenda sana: kamera hufungwa kwenye helmeti za waendesha pikipiki, nao wakipita barabarani wanapiga picha za mashamba zinazotumika kuifundisha kompyuta kutambua zao lipi ni lipi.

Kyela inahitaji kazi ya namna hiyo haraka, na kwa kakao zaidi kuliko mpunga. Wilaya hii hutoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2023 inakataza kuingiza kakao iliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba lazima lijulikane mahali lilipo. Tatizo ni kwamba mikakao ya Kyela hukua chini ya migomba na miti ya kivuli, na kutoka juu bustani kama hiyo hufanana na msitu. Ramani ikiiandika hivyo kimakosa, siku mkulima anapouangusha mti mmoja uliozeeka itasomeka kwamba msitu umekatwa, na kakao yake itakosa mnunuzi bila yeye kujua kisa. Anayeweza kuisahihisha ramani hiyo ni yule aliyeipanda mikakao, akizunguka mpaka wa shamba lake na simu mkononi, kona hadi kona.