Gari Lipi Laweza Utelezi wa Kwale?

Theluji sisi watu wa Pwani twaisikia tu kwa ndugu zetu walioko Ulaya. Lakini utelezi twaujua. Masika yakishika, njia za udongo za ndani ya Kinango na vilima vya Shimba huwa kama zimepakwa sabuni, na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Msambweni, roho yake imo mikononi mwa dereva.

Nimepanda magari ya kila namna katika njia hizo. Pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hutupa mkia. Ikitiwa magunia machache nyuma, hutulia. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, nazo hupita vyema penye tambarare kwa kuwa injini imeyakalia. Penye mwinuko uzito hurudi nyuma, yakazunguka bure. Land Rover huvuta kwa magurudumu manne, ikapanda wenzake waliposhindwa. Lakini katika mteremko, ikikanyagwa breki ghafla, nayo huteleza kama nyingine.

Katika Safari Rally ya 1968 mvua ilizidi hata magari 7 tu yakamaliza. Mshindi, Nick Nowicki, aliendesha Peugeot 404, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kupakia mgonjwa wako, tazama tairi kama zingali na meno, kisha umtazame dereva. Ajuaye kuteremka kwa gia ndogo, bila pupa, ndiye wa kumwamini.